Mvua ya Mzee Prospa na Neno la Kifaransa

Milimani, juu ya Mkuyuni,
Morogoro.
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie hapo Sikonge, wewe na watoto na mama mkwe, na barua hii iwakute wazima wote. Mgongo wako umepoa? Zuhura anakwenda shule bila kusukumwa? Na yule mdogo, meno ya mbele yameota, au bado anatafunia pembeni kama ulivyonieleza? Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na uchovu ambao sijui niuite ugonjwa au umri.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu barua ya Madamu Elodi imesemaje, na mara tatu nimekujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao haukukatika. Nilikuwa nimesimama kwenye lile jiwe la juu ya chemchemi, mahali simu inaposhika vizuri kuliko pote huku, nikakata mwenyewe. Naomba unisamehe. Jambo lenyewe lilikuwa refu, mama alikuwa pembeni yako anasikiliza, na mimi nilikuwa bado sijajua niliseme vipi. Soma peke yako kwanza. Ukimaliza utaamua cha kumwambia mama.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mradi wa Madamu unafungwa, vipimo vinakabidhiwa kwa watu wengine watakaoviendeleza, na hao walisema watabaki na mpimaji mmoja kati yetu wawili, mimi au Filbert. Atakayebaki anapewa ajira ya kudumu na ile nyumba ya bati ya kituo. Watachagua kwa kusoma barua ambayo Madamu ataandika juu ya kila mmoja wetu. Nikipata, mnahamia huku. Nisipopata, narudi. Miaka mitatu tumelala na kuamka na hilo.

Kazi unaijua, nimekueleza mpaka nadhani unaweza kuifanya wewe. Saa tatu kamili asubuhi niko kwenye kipimo cha mvua cha juu. Nafungua, natoa chupa, namimina maji kwenye kioo chenye mistari, nasoma, naandika kwenye daftari la mradi, namwaga, nafunga. Nashuka kwenye kipimo cha kati, kisha cha chini. Idi au si Idi, homa au si homa. Njia yenyewe ni utelezi mtupu, unashuka umeshika majani kwa mikono miwili kama mtu anayeteremka darini. Filbert yeye ni wa mto, anasoma kina cha maji darajani, kwao ni hapo hapo. Jioni nikishanawa miguu natoa daftari langu mwenyewe, lile ulilozoea kunicheka nalo, naandika tarehe na yaliyopita. Hilo daftari ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Mzee Prospa nimekutajia kwa juu juu tu. Shamba lake la kabichi na karoti limepakana na kipimo cha juu. Alikuwa mtu wa miaka sabini na ushee, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, mguu wa kushoto anauburuta, na kichwani kofia ya sufu ya kijani yenye kifundo juu, iwe jua iwe mvua. Siku ya kwanza nilipopanda huku na begi mgongoni alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kabila. Nilipomtajia, akatupa jembe chini.

"Mnyamwezi? Na mzigo mmoja tu? Babu zako walipita hapa chini na meno ya tembo mabegani mpaka Bagamoyo, wewe unatweta kwa begi la nguo?"

Unajua nilivyofurahi. Nilikuwa sijaongea na mtu siku mbili. Nikamwambia ajifunge kamba kiunoni kwanza ndipo tuzungumze, kwa sababu kwetu mtu huanguka shambani, lakini Mluguru huanguka kutoka shambani, anaokotwa sokoni Mkuyuni. Alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi shikamoo kwanza, marahaba, halafu matusi. Aliniita mpagazi. Sikumbuki kama aliwahi kuniita jina langu.

Sasa nifike kwenye kipimo. Mahali pale alipachagua Madamu mwenyewe kwa ramani kabla mimi sijaajiriwa. Mwezi wangu wa pili nilimwambia kwa adabu kwamba naona kiko karibu mno na shamba, huenda kikaleta taabu. Alikuwa na haraka ya kurudi mjini Morogoro, anafunga buti. Alinijibu kwa Kiswahili chake kile cha kupangapanga, "Asante, Hamisi. Mahali nimechagua mimi. Kazi yako ni kusoma." Hakusema kwa ubaya. Lakini usiku wa siku hiyo niliiandika sentensi hiyo yote kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake. Mtu akipiga mstari chini ya sentensi, ujue ameiweka.

Kiangazi kilichofuata Mzee Prospa alibadilisha kichwa cha mpira wake. Wakulima wa huku huvuta maji ya chemchemi kwa mpira mrefu mweusi, mwishoni wanafunga kichwa kinachozunguka na kurusha maji huku na huku bila mashine yoyote, mteremko wenyewe unasukuma. Kile cha zamani kilirusha hatua chache. Kipya kilivuka ua wa kipimo. Asubuhi moja nikafungua chupa nikakuta maji, wakati vumbi lilikuwa limetanda njia nzima. Nakunakilia nilivyoandika jioni ile:

"Jumatano, tarehe 10 Julai. Kipimo cha juu, milimita moja na nusu. Cha kati, kavu. Cha chini, kavu. Kabichi za Mzee P. zimelowa, majani ya upande wa pili wa njia makavu. Si mvua. Ni mpira."

Kwenye daftari la mradi niliandika milimita moja na nusu. Ndicho kilichokuwa kwenye kioo. Kazi yangu ni kusoma.

Madamu alipokuja baada ya wiki mbili na kufungua daftari, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepokea mahari. Akaniita nione kwenye kompyuta yake. Akanieleza kwamba ni ukungu, ukungu wa mlima unagusa miti na kugeuka maji hata kiangazi, kwamba wengi wanausema lakini wachache wameupima, na kwamba kipimo cha juu sasa kinaanza kuuonyesha. Mimi nimesimama nyuma yake. Ng'ambo ya ua amesimama Mzee Prospa, mpira mkononi, anasikia kila neno. Akanitazama. Nikamtazama.

"Ndiyo, Madamu," nikasema.

Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu. Nikipita asubuhi ananiuliza, "Mpagazi, Mzungu anakuja lini?" Nikimwambia keshokutwa, anasema, "Basi leo nimnyeshee kidogo, asije akaona safari yake bure." Alikuwa akigeuza kile kichwa kwa mkono, kwa uangalifu, kama mtu anayemwagilia ua la kanisani. Kijiji kizima kilijua. Wanawake wakikutana na Madamu njiani walimpa pole ya mvua na jua linawaka, naye akashukuru. Hivyo kiangazi kile, na kiangazi hiki pia. Sikuandika uongo hata mara moja kwenye daftari lolote. Nilikuwa najisifu kwa hilo.

Mwezi wa tisa Mzee Prospa aliumwa kifua siku nne, ya tano akatutoka. Sikukuambia kwenye simu kwa sababu nilijua sauti yangu ingekuwa vile, na ungeuliza, na salio lingeisha nikiwa kimya. Nilichimba kaburi na wenzangu. Ardhi ya huku ukichimba upande wa juu unakufikia shingoni, upande wa chini unaishia gotini. Padri alipomaliza sala zake watu wakatulia, na mimi nimesimama nyuma nikitazama buti zangu. Ndipo mjane, Mama Bibiana, akaniita mbele ya watu wote.

"Mtani, unangoja nini? Unataka azikwe kimya kama mtu asiye na jamaa?"

Basi nikafanya kazi yangu. Nilivaa ile kofia ya kijani, nikajitwisha mpira wake begani, nikaburuta mguu wa kushoto mpaka kaburini, nikaingia, nikalala humo, nikakataa kutoka. Nikawaambia huyu mzee hakufa, ameporomoka, waende wakamtafute Mkuyuni sokoni kati ya nyanya. Wakanibembeleza kwa jogoo nikakataa, wakaongeza kabichi nikainuka. Mama Bibiana alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, kanga mdomoni, na niliona kwamba kifua chake kimepata hewa. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Mzee angenisifu.

Lakini Madamu Elodi alikuwepo, katikati ya wanawake, amejifunga kanga ya kuazima, macho mekundu. Alimpenda yule mzee. Nikiwa bado na kofia kichwani niligeuza kile kichwa cha mpira kikamwelekea yeye, nikasema, "Na huyu mgeni wetu je? Nani atamnyeshea? Mvua yake tunaifukia leo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Madamu alitabasamu kwanza, kama mgeni anavyotabasamu kwa kuwa wenzake wanacheka. Halafu akaanza kutazama nyuso moja moja. Akautazama mpira. Akainua macho taratibu kufuata mteremko, mpaka kule juu kilipo kipimo. Tabasamu lake likaondoka. Mimi nilikuwa bado namtazama, na najua nilikuwa na uso gani.

Baada ya hapo chupa ya juu ikawa kavu kila siku. Wiki mbili zikapita, akaja kituoni na barua zetu mbili, ya Filbert na yangu, zimeandikwa kwa Kifaransa kwa sababu kwa Wafaransa ndiko zinakokwenda. Alitupa nakala. Alisema zitaondoka Ijumaa mchana, na mwenye neno asilolikubali amwambie kabla.

Mimi Kifaransa changu ni salamu tu na majina ya siku. Jumatano nikashuka misheni kwa Sista Eufrazia, mtawa kutoka Burundi anayesimamia zahanati. Aliponiona mlangoni aliniuliza kama leo nimekuja kubatizwa. Nikamwambia nimekuja kusomewa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, akitafsiri. Mpimaji makini. Hakuchelewa hata siku moja. Daftari safi. Moyo wangu ulikuwa unapanda, nilikuwa nakuona wewe na watoto mnashuka kwenye gari Mkuyuni na mabegi. Halafu Sista akasita. Akasoma sentensi ya mwisho mara mbili kimyakimya, ndipo akaisema: "*mais volontiers narquois*."

"Maana yake nini?"

"'Lakini', halafu 'kwa kupenda mwenyewe', halafu hili neno." Akalitamka tena, narkwa. Akasema anapenda kuwa na uhakika, akaenda kuchukua kamusi isiyo na jalada, akaweka kidole.

Nakueleza alivyonieleza, kwa sababu nililiandika lote niliporudi. Ni neno la mzaha na dharau, lakini halikai mdomoni. Linakaa usoni. Wafaransa hulitumia kwa tabasamu, kwa jicho, kwa sauti, kwa namna mtu anavyosimama. Zamani sana, kamusi inasema, lilikuwa jina la askari walioachwa bila kazi wakawa wazururaji wenye hila, wakiongea lugha yao wenyewe ili wenyeji wasielewe. Nikamwambia Sista kwamba hapo kwenye kuzurura sina ubishi. Hakucheka.

"Wana maneno mengi ya kucheka watu," alisema. "Mtoto akianguka mwenzake akamcheka, huyo ni moqueur. Anacheka, yamekwisha, hata aliyeanguka anaweza kucheka naye. Yule wa kuchoma kwa maneno naye ana jina lake. Huyu wako hachomi mtu. Huyu anajua kitu ambacho wewe hukijui, na raha yake ni kwamba hukijui."

Akanionyesha kwa uso wake mwenyewe. Akavuta pembe moja ya mdomo, akafinya jicho moja, akanyamaza. Mtawa yule mpole, Mama Zuhura. Sikupenda kumtazama.

Nikaanza kumweleza habari za mazishi na utani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee alijua kwamba unamcheka?"

"Alijua."

"Akakujibu?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi hapo hakuna shida. Na huyu Mfaransa, yeye alijua?"

Nilimshukuru, nikakunja barua. Kupanda kutoka misheni siku ile kulinichukua saa nzima zaidi ya kawaida. Nilikuwa napumzika kila kona.

Filbert alinikuta nimekaa mlangoni. Yeye yake ilikuwa imesomwa na mtoto wa shangazi yake anayesoma mjini, na ilikuwa nzuri tu, ya kawaida. Nilipomwambia neno langu alikasirika kwa niaba yangu. "Mwambie ni mila," alisema. "Wazungu ukiwaambia mila wananyamaza, wanaogopa kuonekana wabaya. Mwambie kwetu mtani asipofanya vile marehemu hajazikwa. Na ni kweli." Ilikuwa kweli. Na ujue kwamba yeye ndiye niliyekuwa nashindana naye, hakuwa na sababu yoyote ya kunipa silaha.

Alhamisi niliyatoa madaftari yangu yote, nikaanza kusoma tangu ile sentensi niliyoipigia mstari. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kujitetea, mtu wa kumbukumbu kama mimi ana raha kwamba akishtakiwa anafungua kitabu. Niliweka kipande cha karatasi kila nilipokuta neno mpira. Nilipomaliza, madaftari yalikuwa yameota manyoya. Kila karatasi ilikuwa siku moja niliyosimama mbele ya mtu aliyeniamini, nikasoma kioo, nikaandika namba sahihi, nikafurahi. Kwa Mzee Prospa ulikuwa utani, ndiyo, lakini hata yeye nilimponza, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua namba zinakwenda wapi. Yeye alijua kabichi.

Ijumaa asubuhi nikasoma vipimo kama kawaida, nikaenda kituoni na madaftari kwenye mfuko wa mgongoni. Nitakuambia ukweli: hata wakati huo maneno ya Filbert yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilikuwa nimejiambia nitaamua nikifika.

Madamu alikuwa anafunga vyombo kwenye masanduku. Kabla sijakaa akaniwahi yeye. Alisema amezungumza na Filbert jana jioni, na Mama Bibiana pia, wamemweleza habari za watani kwenye mazishi. Alisema ana aibu. Miaka mitatu amekaa huku na hakujua. "Nimekosea, Hamisi. Lile neno si haki. Nalifuta sasa hivi." Na kweli kompyuta ilikuwa imefunguliwa palepale, barua yangu kwenye kioo.

Mke wangu, sikuhitajika kusema lolote. Nilihitajika kusimama tu na kunyamaza, kazi ambayo nimeifanya kwa viangazi viwili bila kuchoka. Angefuta, ingeondoka mchana, na leo ningekuwa nakuandikia usafirishe vyombo. Nilikuona kabisa, umesimama kwenye mlango wa ile nyumba ya bati. Na nikahisi pembe ya mdomo wangu inataka kupanda.

"Usilifute, Madamu," nikasema.

Nikatoa madaftari, nikafungua kwenye karatasi ya kwanza, nikamsogezea. Anasoma Kiswahili polepole, kidole kikifuata maneno. Nilisimama muda mrefu. Magoti yalikuwa yananiuma lakini sikuona kama nina haki ya kukaa. Alifungua karatasi ya pili, ya tatu, kisha akaacha kusoma, akawa anapitisha tu dole gumba kwenye ncha zake zote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia kazi yangu ni kusoma."

Akafikiri. "Ndiyo," alisema. "Nilisema hivyo." Halafu akaniuliza, bila ukali, kama anayeuliza kipimo cha leo: "Na ulifurahi?"

"Nilifurahi."

Aligeukia dirishani. Nilidhani ameniaga, nikaanza kuokota mfuko, ndipo akauliza mzee alikuwa anasema nini juu yake. Nikaona nimeshavuka mto, sina sababu ya kubaki na nguo kavu. Nikamwambia. Mzee Prospa alikuwa akisema kwamba maisha yake yote ameomba mvua, na huyu binti ndiye mtu wa kwanza kuja kuiomba kwake. Mabega yake yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sikuwa na haki ya kujua.

Barua iliondoka Jumatatu badala ya Ijumaa. Siku hizo tatu tulikaa naye mezani, daftari lake upande huu, langu upande ule, tukifuta siku za mpira moja moja. Kazi yake ya ukungu imebaki na sehemu ndogo tu. Hakunilaumu tena. Wala hakulifuta lile neno. Chini yake aliongeza sentensi kwamba kumbukumbu binafsi za mpimaji huyu ndizo zilizowezesha makosa ya kipimo cha juu kusahihishwa. Alinisomea mwenyewe, kwa Kiswahili, ili nisiende tena misheni.

Wamemchukua Filbert. Jibu limekuja juzi. Mtu anayesoma kutoka mbali akiona neno kama lile na sentensi kama ile zimefuatana, atafanya nini? Hata mimi ningemchukua Filbert. Alikuja kuniambia akiwa ameinamisha kichwa, ikabidi mimi ndiye nimchangamshe. Nikamwambia hatimaye Mluguru amepata nyumba yenye sakafu tambarare, atembee polepole mwanzoni asije akaona kizunguzungu.

Kwa hiyo vile vyombo ulivyoanza kufunga, vifungue. Ulisema umeshafunga na vikombe vya wageni. Pole sana. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema pale kwenye jiwe. Ukinikasirikia una haki, ningeweza kunyamaza mara moja zaidi na pengine hakuna ambaye angejua, hata wewe. Lakini ningehamia na ule uso kwenye nyumba moja na ninyi.

Madamu aliondoka jana. Nilimbebea masanduku mpaka barabarani, moja moja, linalofuata zito kuliko lililopita. La mwisho nilisimama nalo kwenye kona, nimekwisha, natafuta pumzi. Alikuwa mbele yangu na mwavuli tu mkononi. Akageuka, akanitazama vizuri, akasema taratibu ili asikosee, "Vipi, mpagazi? Bagamoyo bado mbali." Nadhani alifundishwa na Mama Bibiana. Akangoja aone nitakavyofanya. Nilicheka mpaka nikaliweka sanduku chini, naye akacheka, tukiwa tumesimama matopeni kama watu wawili wasio na akili. Miaka mitatu, na ndiyo siku ya kwanza.

Nitamaliza kumkabidhi Filbert mwisho wa mwezi, kisha nishuke Morogoro nipande basi la Tabora. Nisalimie mama mkwe, umwambie namwomba radhi kwa matumaini niliyompa. Msalimie kaka yangu mkubwa Juma, kama bado anahitaji mtu wa kumsaidia mizinga ya nyuki msimu huu mwambie nina mikono, magoti tu ndiyo mabovu. Wifi yako Mwajuma apate salamu zake, na shangazi Tatu aliyeniombea dua ya safari. Zuhura mwambie daftari lake jipya nimeshanunua, lina mistari.

Jambo moja la mwisho. Nilipokwenda kumuaga Mama Bibiana alinitolea ile kofia ya kijani. Kwa Waluguru mrithi ni mpwa, mtoto wa dada wa marehemu, na nilimwona amesimama pale, lakini yeye mwenyewe alisema kofia iliyoingia kaburini na mtani haimfai tena. Mama Bibiana akanivika. Akasema niende nikawaonyeshe Wanyamwezi wenzangu kwamba kuna mpagazi mmoja aliyewahi kurudi na mzigo wake mwenyewe. Ni kubwa, inafunika masikio, na kifundo chake kinacheza nikitembea. Nitaingia Sikonge nimeivaa, kwenye joto lote hilo. Ukiniona nashuka kwenye basi hivyo, bila kazi, nicheke. Ila nicheke usoni, kwa sauti, nikusikie.

Ni mimi mumeo, ninayekuja,

Hamisi